Nilimwonyesha Nesi Mkojo wa Mwenzangu

Nianze kwa kukubali: kwenye hii habari mjinga ni mi. Usisome ukitafuta mjinga mwingine, hayupo. Nesi alifanya kazi yake, daktari alifanya kazi yake, hata kibofu changu kilijitahidi kunisema mbele ya watu. Aliyeharibu ni mi peke yangu, na hii akili yangu ya darasa la sita niliyokuwa naiona kali kuliko ya watu wa chuo.

Jina silitaji. Ukinijua, nyamaza. Ukicheka, cheka polepole.

Mi ni kijana wa taksi-velo hapa Gitega. Naendesha baiskeli, mteja anakaa nyuma, nampeleka sokoni, nampeleka wizarani, nampeleka Mushasha kwa mapadri. Nimekulia Tanzania kambini, shule yangu iliishia huko. Tuliporudi, mama akaenda kulima kwenye shamba la babu, Buhinyuza, kule Muyinga, na mi nikaja mjini kutafuta maisha.

Sasa niulize: mtu wa baiskeli kazi yake anaifanya amekalia nini? Bon. Na huko huko ninakokalia kulianza kujaa maji. Wenyewe wanaita busha. Upande mmoja. Mwanzoni kama yai, nikasema litapungua. Baadaye kama parachichi, na parachichi za huku mnazijua! Hapaumi, ila pananizuia. Nikawa naendesha nimesimama, kilima na tambarare. Wateja wananisifu: "Huyu kijana ana nguvu, hakai hata!" Nguvu gani? Sina pa kukaa!

Kumwambia mtu? Haya, thubutu! Nilikuwa na mchumba, nitamwita Nadine, si jina lake. Wa Buhinyuza pia. Baba yake ni katekista, mtu wa maneno machache lakini masikio marefu. Ukimpigia simu ukamwambia "Baba, nakaribia kufika," anakuuliza, "Umepita nyumba ya nani?" Uongo kwake hauna pa kukaa, kama mi kwenye baiskeli.

Na kule kwetu wakisikia mwanaume kapasuliwa huko chini, habari wanaimalizia wenyewe: huyo hazai. Daktari alinieleza vizuri kabisa kwamba si kweli, maji yanatolewa, mtu anaendelea na maisha yake na watoto wake. Lakini daktari hakai Buhinyuza!

Kwa hiyo nikapanga nipasuliwe kimya, nioe kimya, nizeeke kimya.

Nilingoja zamu miezi. Zamu ikaja: Ijumaa. Na siku ya kufata irembo, ile siku kwetu familia ya kijana inaenda kwa familia ya msichana na vinywaji vyake kujitambulisha rasmi, wazee walikuwa wameipanga lini? Jumamosi! Kesho yake! Mtu mwenye akili angempigia mama amwambie, mama, nina shida, tusogeze wiki. Mi nikapiga hesabu. Operesheni yenyewe walisema ya siku moja, unaingia asubuhi unatoka mchana. Maneno mengine yote waliyosema baada ya "unatoka" sikuyasikia.

Hesabu yangu: asubuhi Gitega, wanapasua. Mchana napanda gari. Jioni Muyinga, naunganisha pikipiki mpaka Buhinyuza. Jumamosi nimevaa koti, natabasamu, nakaa upande upande. Nani atajua?

Asubuhi ile kwenye benchi la hospitali nikakaa karibu na mzee mmoja Mkongomani, muuza vitenge wa sokoni. Tumwite Papa Zawadi. Yeye hakuwa mgonjwa. Alikuja kumchunga mdogo wake aliyekuwa anatolewa jiwe la kwenye njia ya mkojo. Mzee wa utani huyo! Tulielewana dakika ile ile. Alikuwa na kibidoni cha maji mkononi, anakunywa, anafunika, anafunua, anakunywa. Halafu anaenda chooni. Anarudi, anakunywa.

"Papa," nikamwambia, "we ni mtu au ni rejeta ya lori?"

"Ni jua ya soko, mwana. Inanikausha."

"Na suruali? Umeazima kwa kaka yako mnene?" Maana ilikuwa imefungwa na kipande cha kitenge, bila hicho ingebaki kwenye benchi.

"Bibi yangu iko Uvira tangu mwezi mbili. Wewe jaribu kula mapishi yangu, utaona kama suruali yako itakaa!"

Tukacheka. Mi nilicheka sana. Kumbukeni kwamba nilicheka.

Nesi akaja na karatasi zake. Mama wa makamo, macho yake yanakuangalia kama anajua ulichoficha mfukoni.

"Unakaa wapi?"

"Mushasha, mama. Dakika kumi tu."

"Leo utalala huko?"

"Ndiyo, mama."

"Nani anakuchunga? Hapa mtu hatoki peke yake."

Mi nikanyoosha kidole. Papa Zawadi akaona kidole, akaniangalia, akamwangalia nesi, akakohoa.

"Ni mtoto ya kwetu," akasema. "Niko namuchunga."

Yaani hakuuliza hata jina langu! Wakongo hawa wana moyo.

Wakanichoma sindano ya mgongo. Miguu ikawa ya jirani. Nikasikia wanaongea, wanavuta, wanashona, mi naangalia taa. Muda si mrefu nikarudishwa kitandani, parachichi hakuna, nimefungwa bandeji kama mtoto mchanga. Nilitaka kuimba.

Nesi akasimama kwenye miguu ya kitanda. "Sikiliza weye kijana. Ile sindano inalaza miguu, na kibofu inakilaza pia. Miguu inaamka mapema, kibofu kinaweza kuchelewa. Huondoki hapa mpaka ukojoe kwenye hii chupa na mi niione kwa macho yangu. Ukienda kibofu hakijaamka, kitajaa na hakitafunguka, utalia. Kama mpaka jioni hakuna kitu, utalala hapa tukuangalie. Si adhabu, umesikia?"

Nimesikia. Ameeleza mpaka mbuzi angeelewa. Naandika hapa ili asije mtu akasema sikuambiwa.

Saa saba, miguu imeamka. Natembea. Nikashika chupa nikaenda chooni. Hakuna kitu. Nikafungua bomba nisikie maji yanavyotiririka. Hakuna. Nikapiga mluzi kama wanavyowapigia watoto. Hakuna! Nikafikiria mvua, nikafikiria mto, nikafikiria ile siku nilikojoa kitandani kambini nikachapwa. Kavu kabisa.

Saa nane kasoro, dereva wa Muyinga akapiga simu. "Nakungoja nusu saa. Gari imejaa, nafasi yako mama mmoja ameshaiwekea begi."

Hapo ndipo shetani alipoingia, na nadhani aliingia kwa mlango, maana Papa Zawadi alikuwa anapita anakwenda chooni kwa mara ya sijui ngapi.

Nikamfuata.

"Papa, naomba kitu."

"Sema, mwana."

"Naomba mkojo."

Akasimama. Mkono kwenye kile kitenge cha kiunoni. "Unaomba nini?"

"Mkojo. Kidogo tu. Kwenye hii chupa."

"Mi najua batu banaomba chumvi," akasema taratibu. "Banaomba moto ya makaa. Mukojo! Wewe unaenda kuipikia nini?"

Nikamweleza haraka haraka: gari, irembo, katekista, kesho asubuhi. Yeye anasikiliza, kichwa kinatikisika.

"Donc asubuhi nikuwe baba yako, na mchana nikuwe kibofu yako?"

"Papa, nakuomba. Wako mwenyewe unaumwaga tu!"

Hiyo ilimchekesha mpaka akashika ukuta. "Kweli iko mingi. Lete chupa. Lakini ukipata mutoto, umuite jina yangu."

Akajaza. Jamani, alijaza! Nikamwambia inatosha, akasema bado iko. Ningekuwa na chupa mbili ningeondoka na mbili.

Nikarudi naibeba kwa mikono miwili kama naleta sadaka. Bado ya moto. Nesi akaiinua dirishani, akaitazama.

"Eh! Umekojoa kama ng'ombe."

"Nilikunywa maji mengi, mama."

"Safi. Ningekuwa na wagonjwa kumi kama weye ningestaafu kwa amani." Akanipa dawa, akanipa karatasi, akarudia: "Ukishindwa kukojoa tena, unarudi hapa mbio. Usingoje." Nikamwona anachovya kijikaratasi cha kupimia kwenye ile chupa. Sikungoja kujua kinapima nini. Dereva alikuwa anaita.

Papa Zawadi alinipungia mkono na bidoni.

Mpaka nusu ya njia ya Karuzi nilikuwa najisifu. Nikasema huyu mtoto wa mama yangu ana akili! Kidogo kidogo tumbo la chini likaanza kunisalimia. Nikajifanya silijui. Kila kona gari inapokata, linanisalimia kwa sauti.

Nikamwomba dereva asimame. Nikaenda nyuma ya mikaratusi, nikasimama, nikasubiri. Hakuna. Honi. Nikarudi. Baada ya kilomita chache nikaomba tena. Hakuna. Mara ya tatu dereva akasema kwa nguvu, abiria wote wasikie: "Kijana, unamwagilia huu msitu wote peke yako?"

Wakacheka. Mama aliyekuwa amekalisha begi lake kwenye nafasi yangu ndiye aliyenitetea: "Mwacheni, tazameni anavyotoka jasho."

Ndugu zangu, kuna maumivu na kuna haya. Unataka kukojoa kuliko unavyotaka kuishi, na mlango haufunguki. Tulipofika Muyinga mjini tumbo limeinuka, ukiligonga linalia ngoma, mtu angesema nina mimba ya miezi mitano. Pikipiki ya Buhinyuza? Sikuweza hata kushuka garini. Dereva akaacha utani, akanipeleka moja kwa moja hospitali ya pale, akanishusha kwa mikono yake. Mungu ambariki.

Daktari akanigusa, nikapiga kelele.

"Mara ya mwisho umekojoa lini?"

Na mi, hata pale, hata na lile tumbo: "Saa nane mchana, daktari. Gitega. Karatasi ninayo."

Akaangalia karatasi. Akaangalia tumbo. "Karatasi na tumbo havijatoka hospitali moja," akasema.

Wakaniingizia mpira. Sitaeleza mpira unaingilia wapi, jieleze mwenyewe. Lakini ulipofika! Yalaa! Nilimshika daktari mkono nikataka kuubusu. Mfuko ukajaa, wakamwaga, ukajaa tena. Halafu akafungua bandeji, uso ukabadilika. Kwa kuruka ruka garini kidonda kilikuwa kimevuja damu ndani, kumevimba, parachichi limerudi na rafiki yake. "Hutoki leo wala kesho," akasema. "Huu mpira unakaa, na kidonda tutakiangalia."

Nilitoroka kulala usiku mmoja Gitega, nikalala usiku nne Muyinga. Hesabu ya darasa la sita hiyo.

Jumamosi asubuhi mama, aliyeitwa na hospitali, akafika amevaa kile kitenge kipya alichoshona kwa ajili ya irembo. Ndipo nikajua safari imekufa. Nikamwambia ni tumbo. Mama akakaa kitandani akaanza kunipangusa uso kama nina miaka mitatu.

Na si mnajua kwetu. Watu wakisikia uko hospitali, hawaulizi kwa nini, wanauliza wodi ipi. Mchana mlango ukafunguka: Nadine, shangazi yake na sufuria la maharage, na nyuma yao, kofia mkononi, katekista mwenyewe. Mi nilikuwa niende kwenye irembo lao, irembo limenijia kitandani!

Baba mkwe akanipa pole. Akakaa. Macho yakashuka chini ya kitanda, kwenye ule mfuko.

"Na hiyo ni nini?"

"Ni serumu, Baba, ya kunitia maji mwilini."

Akafikiri kidogo. "Serumu ya huku inaenda chini?"

Shangazi akakohoa ndani ya kanga. Nadine akaangalia dirisha. Hapo hapo daktari akaingia na simu mkononi, akasema ana neno langu la faragha. Na mi kwa kiburi changu, kwa kutaka kuonekana mtu asiye na siri, nikasema: "Sema tu, daktari. Hawa ni familia."

"Haya. Nimeongea na Gitega. Wamekutafuta tangu jana, simu yako imezimwa. Mkojo uliowaachia wameupima. Una sukari nyingi sana, nyingi ya kutisha."

"Yezu!" shangazi akasema.

Wakanitoboa kidole palepale. Damu yangu safi, sukari ya kawaida. Daktari akakuna kichwa. "Na kabla ya operesheni pia ulikuwa safi. Ajabu. Labda nesi alichanganya chupa. Kulikuwa na chupa ya mtu mwingine pale?"

Sasa ndugu msomaji, sogea. Mpaka hapa nimekuchekesha, na kama yangeishia hapa nisingeandika. Kosa langu si mkojo. Kosa langu ni hili linalokuja.

Nilijua. Sekunde ile ile nilijua. Sikusoma sana lakini kambini tulikuwa na jirani mwenye sukari, nimeona mtu anavyokunywa maji, anavyokojoa, anavyoisha mwilini. Nikamwona Papa Zawadi kwenye benchi, bidoni, suruali, kitenge. Yeye anadhani ni jua la soko! Hakuwa mgonjwa, kwa hiyo hakuna aliyempima. Mtu mmoja tu duniani alijua ile chupa ni ya nani, na huyo mtu ni mi.

Nikaangalia baba mkwe. Uso wake unangoja. Nikisema, ataelewa yote kwa mpigo: nilipasuliwa wapi, nilimdanganya nesi, nilimdanganya mama, nimemdanganya yeye na serumu yake sasa hivi. Irembo kwisha. Nikinyamaza, hakuna kinachoharibika kwangu.

Nikasema: "Sijui, daktari. Labda walichanganya."

Katekista akatikisa kichwa. "Makosa ya hospitali," akasema, na akanipiga bega kwa huruma.

Lile bega liliniuma kuliko mpira.

Jumapili jioni Nadine akaja peke yake na chupa ya uji. Akaniambia baba yake amesema nikipona wapange siku nyingine. Nilipaswa kufurahi. Akanimiminia uji, halafu akasema tu, kama mtu anayeongea na kikombe: "Sasa huyo mwenye chupa yake yuko wapi? Anatembea huko na hajui."

Nikashindwa. Nikamwambia yote, tangu parachichi.

Alicheka, jamani! Alicheka mpaka akakaa chini. "Uliomba mkojo? Kwa mdomo wako? Ukamwambia mtu mzima, naomba mkojo?" Anapangusa machozi. "Na alikupa!" Halafu nikaona kicheko kinamtoka usoni taratibu.

"Jana daktari alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaweka kikombe chini, akatoka kumtafuta daktari. Alizitaja dhambi zangu zote kule nje, mi nasikia kupitia ukuta, na hakupunguza hata moja.

Daktari akapiga Gitega usiku ule ule. Mdogo wake Papa Zawadi ameshatoka hospitali, simu yake haipatikani, soko limefungwa. Jumatatu asubuhi wakatuma mtu sokoni. Wakamkuta amelalia vitenge vyake, majirani wanasema mwacheni, mzee amechoka, tangu jana analala lala. Hakuwa amelala. Wakambeba.

Alipona, nitangulize hilo. Lakini alikaa siku tatu hajui jina la mdogo wake. Nesi aliniambia baadaye kwamba angeletwa Jumamosi angeingia hospitali kwa miguu yake. Jumamosi soko lilikuwa wazi mpaka jioni, naye alikuwa pale, anauza, anakunywa maji.

Jumanne katekista akarudi. Peke yake. Akakaa, kofia magotini.

"Hayo maji ya chini," akasema, "kaka yangu alikuwa nayo. Alipasuliwa. Ana watoto saba. Ungeniuliza tu."

Yaani nilijificha bure! Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka.

"Hilo sina neno nalo. Nina neno na yule mtu wa sokoni. Nilikaa hapa Jumamosi, ukaniangalia, ukanyamaza, na mi nikakupiga bega. Kwa hiyo irembo langu utalifata siku yule mtu atakapokuja pamoja nawe. Akiwa mzima, kwa miguu yake. Bila yeye usije."

Akavaa kofia, akaondoka.

Walipoutoa ule mpira nikarudi Gitega, na sikwenda nyumbani, nilikwenda wodini kwa Papa Zawadi. Mdogo wake bado mgonjwa, mkewe yuko njiani kutoka Uvira. Nikawa mi ndiye wa kumchunga. Namletea chakula kisichotiwa sukari, analaani. Namshika mkono kwenda chooni. Nesi yule yule akiniona na chupa anauliza, "Leo ni ya nani?" na wodi nzima inacheka. Nimeomba msamaha kwake mara kumi, kila siku ananikubalia na kila siku ananiuliza tena.

Baiskeli sikuigusa wiki sita. Sasa naendesha nimekaa, na wateja wanalalamika nimekuwa mvivu.

Kwa hiyo nawaambia, hasa nyinyi vijana mnaojiona wajanja. Wakikwambia hutoki mpaka ukojoe, usitoke. Lala pale, kula ugali wao, kesho iko. Usimfiche mtu wako aliye karibu, maana anayekuja kukupangusa uso hospitali ndiye huyo huyo. Na ukishakosea, sema siku ile ile, hata kama unasikia aibu mpaka masikio yanawaka. Aibu yangu ilikuwa ya dakika tano. Nikaikataa, akaibeba mtu mwingine kwa siku tatu.

Kabla hajatoka hospitali nilimweleza Papa Zawadi kila kitu. Sikuruka Jumamosi. Nikamwambia na masharti ya katekista. Alicheka alipofika kwenye serumu, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kufata irembo atakuja, na atavaa suruali inayomkaa. Nikamshukuru, nikainama nikaanza kumfunga kamba za viatu.

Akaningoja nimalize fundo. Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anayepima kitambaa:

"Mukojo uliniomba, mwana, nikakupa. Ile Jumamosi na ile Jumapili yangu, ulizikamata bila kuniomba."